"Alirudi amechoka" haina kosa

Swali ni lilelile: je, "Mama alirudi sokoni amechoka" ni sentensi sahihi, au ni Kiswahili cha barabarani kilichodondosha "akiwa"? Safari hii limekuja na daftari la mwanafunzi wa Katana, huku kwetu Kivu. Mwalimu amekata "amechoka" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "akiwa amechoka", kisha akapunguza alama. Mwanafunzi hakukosea. Aliyekosea ni mwenye wino.

"Amechoka" hapo ni kiarifu cha pili. Cha kwanza kinasema mama alifanya nini. Cha pili kinasema alikuwa katika hali gani alipofanya. Imani kwamba hali hiyo lazima itanguliwe na "akiwa" nimeisikia Bukavu, nimeisikia Kavumu, na haina mguu wa kusimamia.

Kwanza, wenye wino wanadai ni sentensi mbili zilizokosa kiungo. Haya, sema "Mama alirudi juzi amechoka." Je, leo bado amechoka? Sentensi haidai hivyo. -Me- imefungwa kwenye wakati wa kurudi. Sasa ikanushe: "Leo mama hakurudi amechoka." Mama karudi, kilichokanushwa ni uchovu. Kiambishi kimekaa kwenye "hakurudi", lakini pigo limeangukia hali. Sentensi mbili hazikanushwi kwa pigo moja.

Pili, eti "akiwa" huondoa utata. Wapi? "Juma alimwacha Ali amekasirika." Nani amekasirika? Weka dawa yao: "Juma alimwacha Ali akiwa amekasirika." Bado hujui, maana a- ya "akiwa" ni a- ileile. Kinachoondoa utata ni upatanisho, wahusika wanapotofautiana nafsi au ngeli: "Nilimwacha amekasirika", na hakuna wa kubishana nawe. Hata Kiswahili chetu cha Kivu, ambacho wenye wino hukibeza, kinafuata kanuni hiyo: "Batoto balikuya banalia." Ba- imerudiwa, na anayelia anajulikana.

Tatu, eti lugha zenye sarufi kamili haziachi hali ikaning'inia. Mturuki husema "Ali eve yorgun geldi", yaani Ali alikuja nyumbani amechoka. "Yorgun" limekaa kabla tu ya kitenzi, kavu, bila kiambishi chochote. Wanalo neno "olarak", linalokaribiana na "akiwa", lakini sentensi hii hailihitaji. Na Kifaransa tunachofundishia? "Elle est rentrée fatiguée": mbona hapo hakuna anayedai "étant"? Mwaka 2005 Nikolaus Himmelmann na Eva Schultze-Berndt walihariri kitabu kizima kuhusu viarifu vya namna hii katika lugha mbalimbali za dunia. Si ugonjwa wa Katana.

Kuna wanaosahihisha vibaya zaidi: "alirudi kwa uchovu". Hapo maana imehama; hali ya mtu imegeuzwa namna ya kurudi, au sababu yake. Jaribu kanuni hiyo kwenye "alikula nyama mbichi", uandike "alikula nyama kwa ubichi". Nani anasema hivyo?

Ya kufanya, kwa haraka. Hali iliyokwisha kumwingia mtu: -me-, "alifika amelowa". Jambo linaloendelea: -ki- au -na-, "alifika akilia", "alifika analia". Sifa tupu: iache ilivyo, "alikufa maskini". Umri au cheo: hapo ndipo "akiwa" ina kazi, "alihama Katana akiwa mtoto". Ukitaka ieleweke kwamba ubichi ni hali ya nyama ilipoliwa, si sifa ya kuitambulisha tu, itangulize: "Nyama aliila mbichi." Mturuki husogeza sifa karibu na kitenzi, "eti çiğ yedi", Mfaransa hutumia kiwakilishi, "il l'a mangée crue". Matokeo ya tendo: usibane, tumia hadi, "alifua chuma hadi kikawa bapa". Juma na Ali: taja jina, "Ali alikuwa amekasirika Juma alipomwacha". Na ukibaki na shaka kama neno ni kiarifu cha pili, kanusha sentensi nzima, halafu usikilize ni kipi kilichokataliwa.