Je, Wajua? Kuku wa Majivu Wako wa Aina Mbili

Katika vijiji kama Mpale, wilayani Korogwe, kuku wa kienyeji hushinda nje wakichakura, na majogoo wa nyumba jirani huchanganyika nao. Kifaranga wa rangi ngeni akianguliwa, jogoo wa jirani ndiye hutajwa kwanza. Lakini huenda hahusiki: rangi ile yaweza kuwa ilikuwemo kwa wazazi wenyewe.

Mtazame kuku wa majivu. Kwa kawaida huyu ni kuku mweusi aliyerithi kinasaba cha kufifisha weusi kutoka kwa mzazi mmoja tu. Akikirithi kwa baba na kwa mama, weusi hufifia zaidi, akawa mweupe mwenye mabaka ya kijivu. Ndiyo sababu jogoo na mtetea wa majivu, katika kila vifaranga wanne, kwa wastani hupata wawili wa majivu, mmoja mweusi na mmoja wa mabaka. William Bateson na Reginald Punnett waliichambua hesabu hiyo Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuku wa Andalusia. Anayetaka vifaranga wa majivu watupu ampandishe mweusi na yule wa mabaka. Kwa hiyo huyo wa mabaka, anayeonekana kama amechafuka, ndiye wa kutunzwa, asipelekwe gulioni!

Kuna majivu ya aina ya pili, na hapa wafugaji wengi huchanganyikiwa. Haya hujitokeza pale tu kuku aliporithi hitilafu pande zote mbili, katika kinasaba cha MLPH kinachosaidia kusambaza chembe za rangi ndani ya unyoya. Hitilafu hiyo ilitambuliwa kwa kuku mwaka 2008. Majivu haya kwa haya huzaa majivu daima. Tena hupausha hata wekundu, ukawa kama nyasi kavu. Majivu ya kwanza huuacha wekundu karibu ulivyo.

Ukitaka uhakika, mpandishe mtetea wako na jogoo mweusi wa ukoo usio na majivu. Akiwa wa aina ya kwanza, takriban nusu ya vifaranga watakuwa majivu. Akiwa wa aina ya pili, wote watakuwa weusi. Ila kwanza mfungie mbali na majogoo kwa wiki tatu au zaidi, kwa sababu mbegu za jogoo wa awali huweza kuishi mwilini mwake kwa zaidi ya wiki mbili.