Gari bovu uani: mali ya nani, madhara ya nani?



Ukipita katika mitaa yetu ya Dar es Salaam hutakosa kuyaona. Moja limewekwa juu ya matofali, jingine limeota nyasi mpaka kwenye usukani, la tatu limebaki bodi tupu. Mengine yamejazana katika gereji ambayo fundi wake alishafariki au kuhama, na kiwanja kimebaki hakina mwenyewe. Na mengine yamo uani mwa nyumba zetu. Ukiuliza utajibiwa, "Hilo la marehemu mzee, warithi hawajakubaliana," au "Mwenyewe alikwenda kutafuta spea." Mwaka unapita, na wa pili, na wa kumi.

Suala hili tumezoea kulitazama kama la mali. Leo nakuomba tulitazame kama la afya, kwa sababu gari lililolala halilali peke yake.

Mbu wa mchana

Mvua ikinyesha, maji hutuama ndani ya matairi, ndani ya buti na kwenye sakafu ya gari lililotoboka paa. Humo hutaga mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu si yule wa malaria. Huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, hivyo chandarua cha usiku hakikutoshi. Ndiye anayeeneza homa ya dengue na chikungunya. Hilo jina la chikungunya ni la Kimakonde, lililotokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Dengue nayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014, kisha 2019, ambapo wagonjwa waliothibitishwa nchini walizidi 6,000, wengi wao wa jiji hilo.

Mayai ya mbu huyu hunata kwenye ukuta wa tairi, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, sugua pia. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama wiki moja au siku kumi. Basi ukifanya kazi hii kila Ijumaa asubuhi, kabla ya josho la swala, utakuwa umekata mzunguko wake.

Ukipatwa na homa kali yenye maumivu ya kichwa, nyuma ya macho na viungo, nenda ukapimwe. Kabla ya majibu usinywe aspirini, diclofenac wala ibuprofen, maana katika dengue huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumia parasetamo kwa kipimo chake, na unywe maji mengi. Wengi hudhani homa ikishuka wamepona. La! Hatari ya dengue mara nyingi huja wakati huo huo homa inaposhuka. Tumbo likiuma sana, kutapika kusikokoma, fizi kutoka damu au mgonjwa kulegea, mkimbize hospitali.

Betri si ya kuvunja

Ndani ya betri ya gari mna tindikali na madini ya risasi. Wako wanaoipasua uani na kuiyeyusha risasi kwenye sufuria ili wapate vizito vya nyavu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini, na mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Huharibu ubongo, na mtoto akawa mzito wa kujifunza bila mzazi kujua sababu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama. Wenzetu wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani nao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri yako iuze nzima, ikiwa imesimama wima, na watoto wasiiguse.

Mchezo wa kujificha

Watoto hupenda kujificha ndani ya magari haya. Vitasa vya zamani huweza kugoma kufunguka kwa ndani. Gari lililofungwa juani huongezeka joto kiasi cha nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mkubwa. Ng'oa milango au ifunge kabisa kwa kufuli. Mtoto akipotea, gari bovu liwe mahali pa kwanza pa kutazama.

Nani aliondoe?

Kama ni gari la marehemu, liingizwe katika mirathi mapema. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama aliuze, fedha zigawiwe kwa mafungu yake. Kuchelewa hakumlindi mrithi yeyote. Kutu inakula fungu la mjane na yatima kila masika.

Kama wewe ni fundi, gari la mteja ni amana. Huna ruhusa kung'oa spea zake wala kuliuza kimya kimya. Mwandikie mwenyewe, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi, na mpe muda. Wakati mnasubiri, toboa au ondoa matairi, ziba paa.

Kama ni jirani yako, anza kwa maneno mazuri, kisha mwenyekiti na bwana afya. Usilichome moto, kwani moshi wa matairi utaurudia mtaa wenu.

Kabla ya kumkabidhi mnunuzi wa chuma chakavu, toa betri, na mwaga oili kwenye chombo, si mtaroni. Kadi yake ipeleke TRA uombe usajili ufutwe.

Sote tumesoma madrasa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, na kwamba madhara huondolewa. Mwenye gari uani, Ijumaa hii aanze na tairi moja.