Picha ya mwanasayansi huchorwa mapema akilini mwa mtoto

MTOTO akipewa karatasi na penseli kisha aambiwe amchore mwanasayansi, aghalabu hatachora mtu aliyewahi kumwona. Huchora fikra aliyorithishwa na jamii yake.

Jambo hili lilidhihirishwa na mtafiti David Wade Chambers katika matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1983. Kati ya michoro 4,807 ya watoto wa shule, 28 pekee ndiyo iliyoonyesha mwanasayansi wa kike. Yote 28 ilichorwa na wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja aliyemchora mwanamke.

Mnamo 2018, watafiti wakiongozwa na David Miller walilinganisha matokeo ya tafiti 78 za aina hiyo zilizofanywa nchini Marekani kwa kipindi cha miongo mitano. Walibaini kwamba tangu miaka ya themanini, takriban asilimia 28 ya watoto walimchora mwanamke. Hata hivyo, watoto wa miaka mitano na sita walichora wanawake na wanaume kwa idadi inayokaribiana, ilhali waliowazidi umri waliegemea wanaume. Maana yake ni kwamba mtoto hazaliwi na dhana hii potofu. Hufunzwa.

Nchini Kenya, gharama ya mafunzo hayo huonekana wakati wa kuchagua masomo. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, mwanafunzi angeweza kuiacha fizikia aingiapo Kidato cha Tatu, na wasichana wengi waliiacha. Katika mfumo mpya wa elimu, ambao wanafunzi wake wa kwanza walijiunga na Gredi ya 10 Januari 2026, mtoto huchagua mkondo angali Gredi ya 9. Mmoja wa mikondo mitatu iliyopo ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Msichana aliyeaminishwa utotoni kwamba fizikia ni ya kaka yake hatangoja kukatazwa, atajikataza mwenyewe.

Je, vielelezo vya kuigwa havipo? Vipo, ila mara nyingi havionwi kwa jicho la sayansi. Marehemu Profesa Wangari Maathai anakumbukwa kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyoipata mwaka wa 2004. Ni wachache wanaowaambia watoto kwamba alisomea biolojia Marekani, na kwamba mwaka wa 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Aidha, aliongoza idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Sifa zake zimebaki, sayansi yake imesahauliwa.

Kielelezo kikiwa karibu, matokeo huonekana. Jijini Kampala, mtafiti Emma Riley aligawa watahiniwa wa sekondari katika makundi mawili kwa njia ya bahati nasibu. Kundi moja lilitazama Queen of Katwe, filamu ya mwaka wa 2016 kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa mabanda aliyeuza mahindi barabarani kabla ya kung'aa katika mchezo wa sataranji. Kundi la pili lilitazama filamu nyingine. Walioona kisa cha Phiona walifanya vyema zaidi katika mtihani wa kitaifa, hasa hisabati. Walionufaika zaidi ni wanafunzi waliokuwa nyuma kimasomo.

Filamu hiyo haikuwafundisha hesabu hata moja. Iliwaonyesha mtu wa mtaa kama wao akishindwa, akilia, kisha akirejea mchezoni. Pengine ndiyo sababu hotuba ya mgeni mashuhuri siku ya kutoa zawadi huwa haitoshi: wanafunzi huona kilele wasione njia ya kupandia.

Kwa msingi huo, mwalimu wa kike anayefundisha fizikia kila siku, fundi wa kike anayetengeneza simu sokoni, au muuguzi anayeeleza jinsi chanjo inavyofanya kazi mwilini, ana uzito usiopimika. Wazazi nao wana wajibu. Redio ikiharibika nyumbani, bisibisi isikabidhiwe mvulana kila mara huku dada yake akitumwa jikoni.

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Kumhimiza msichana siku ya kujaza fomu za kuchagua mkondo ni kuushika udongo uliokwisha kukauka.