Poland: Bieszczady, wilaya iliyohamishwa wakaaji na kubaki na misitu

Kusini-mashariki mwa Poland, kwenye mpaka na Ukraine, kuna wilaya ya Bieszczady. Ina ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 1,100, lakini wakaaji wake wanazidi kidogo tu 20,000. Hakuna wilaya nyingine ya Poland ambako watu wametawanyika hivyo.

Wilaya hii ina milima, na kilele cha Tarnica kinafikia mita 1,346. Mbwa mwitu na dubu wanaishi katika misitu yake. Lakini zamani vijiji vilikuwa vingi. Mwaka wa 1947, serikali ya kikomunisti iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 140,000 wa kusini-mashariki, Waukraine na Walemko, na kuwapeleka kaskazini na magharibi mwa nchi. Serikali ilisema inawakatia waasi wa Ukraine msaada wa raia.

Mwaka wa 1951, Poland na Umoja wa Kisovieti zilibadilishana ardhi, kilometa za mraba 480 kila upande. Moscow ilipata eneo lenye makaa ya mawe, Poland ikapata Ustrzyki Dolne, Czarna na Lutowiska. Wakaaji wa pande zote mbili walilazimishwa kuhama.

Leo majina hayo matatu ndiyo komuni za wilaya, na makao makuu ni Ustrzyki Dolne. Wilaya yenyewe ilianza tarehe 1 Januari 1999, Poland iliporudisha ngazi hiyo kati ya jimbo na komuni, baada ya kuifuta mwaka wa 1975. Mwaka wa 2002, sehemu yake ilikatwa kuunda wilaya ya Lesko.

Raia wanachagua baraza la wilaya, nalo linamchagua mkuu wa wilaya, anayeitwa starosta. Wilaya inashughulikia shule za sekondari, hospitali na barabara zake. Komuni zinabaki na shule za msingi na maji.

Shida ni pesa. Sehemu ya mapato ya wilaya inatoka kwenye kodi ya mishahara ya wakaaji. Watu wakipungua, kodi inapungua, lakini urefu wa barabara haubadiliki. Kwa hiyo misaada ya serikali kuu ni ya lazima.

Mwaka wa 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, maelfu ya wakimbizi waliingia kupitia kituo cha mpaka cha Krościenko. Safari hii, wilaya iliyotolewa watu ndiyo iliyowapokea.