Ndigana kali: Ugonjwa wa ng'ombe unaowafunza wanasayansi kuhusu saratani

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa anayeishi Othaya, Karatina au viungani mwa mji wa Nyeri huzijua vyema dalili za ndigana kali. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, joto la mwili hupanda, maziwa hupungua na hatimaye mnyama hupumua kwa shida. Asipotibiwa upesi, ng'ombe wa kigeni au chotara kwa kawaida hufa katika muda wa majuma machache, na karo ya watoto iliyotegemea maziwa yake hupotea naye.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ugonjwa huo huchunguzwa pia na watafiti wa saratani. Jinsi unavyoenea mwilini hufanana sana na saratani ya damu, ila kwa tofauti moja kubwa: madhara yake kwa chembe za mwili yanaweza kukomeshwa kwa dawa moja.

Ndigana kali husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, ambacho husambazwa na kupe wa kahawia anayependa kujibanza masikioni. Kupe anapofyonza damu, kimelea hicho hujipenyeza ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Badala ya kuiua chembe, huishurutisha igawanyike bila kikomo. Nacho hugawanyika pamoja nayo, hivi kwamba kila chembe mpya huzaliwa ikiwa na kimelea chake. Chembe hizo huenea kutoka tezi hadi mapafu na viungo vingine, mithili ya saratani.

Miongoni mwa waliowahi kuutafiti ugonjwa huu ni marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa kijiji cha Ihithe, Nyeri. Kabla ya ulimwengu kumfahamu kwa upanzi wa miti, alikuwa mwanasayansi wa viumbe, na mnamo 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alifundisha anatomia ya mifugo. Katika miaka ya 1970 alikusanya kupe kutoka kwa ng'ombe ili kuchunguza maisha ya kimelea hicho. Ni katika safari hizo alipoona mito iliyojaa udongo na mifugo iliyokonda, mambo yaliyochangia kuanzishwa kwa vuguvugu la Green Belt mnamo 1977.

Dawa inayotumiwa kutibu ndigana kali huitwa buparvakwoni. Katika maabara, chembe zilizoambukizwa huendelea kuzaana bila kukoma. Zinapotiwa dawa hiyo, kimelea hufa, na chembe hupoteza uwezo huo wa kuzaana ovyo.

Mnamo 2015, watafiti wakiongozwa na Jonathan Weitzman wa jijini Paris walitoa sehemu ya maelezo katika jarida la Nature. Walichunguza Theileria annulata, kimelea cha jamii hiyo hiyo, na kugundua kwamba hutoa protini inayosaidia kuifanya chembe iendelee kugawanyika. Protini hiyo inafanana na nyingine iliyomo mwilini mwa binadamu, iitwayo PIN1, ambayo huzidi kiasi katika saratani nyingi. Ilibainika pia kuwa buparvakwoni huizuia protini ya kimelea kufanya kazi.

Hata hivyo, ugunduzi huo si tiba ya saratani kwa binadamu. Binadamu haambukizwi ndigana kali, na dawa ya ng'ombe haifai kunywewa na mgonjwa yeyote. Faida yake ni kuwaonyesha watafiti mahali pa kulenga wanapotafuta dawa mpya.

Profesa Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mnamo 2004, alifariki Septemba 25, 2011 kutokana na saratani ya ovari.

Kwa mfugaji, kinga ingali bora kuliko tiba. Ng'ombe wanyunyiziwe dawa ya kupe mara kwa mara, hata wale wanaolishwa zizini, kwani kupe huweza kuletwa na nyasi zilizokatwa kwingineko. Ipo pia chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga miaka ya 1970, ambapo ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti. Na tezi ya sikio ikivimba, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo, kwa maana buparvakwoni hufaa zaidi ugonjwa ukiwa mchanga.