Kikohozi kinachofichwa Nunavut

Muuguzi anayebisha hodi kwenye nyumba za Wainuit huko Nunavut, kaskazini ya mbali ya Kanada, hukutana na kitu kisichoonekana kwenye eksirei: hofu iliyorithiwa kwa bibi. Mtoto anakohoa wiki ya tatu, mama anasita kumpeleka kliniki.

Ana sababu. Kuanzia mwaka 1950, meli ya serikali iitwayo C.D. Howe ilizunguka vijiji vya Aktiki ikiwa na mashine ya eksirei. Wengi waliokutwa na kifua kikuu hawakuruhusiwa kushuka hata kuaga. Walipelekwa hospitali za kusini. Kufikia 1956, Muinuit mmoja kati ya saba alikuwa huko. Watoto walirudi baada ya miaka wakiwa wamesahau lugha ya mama zao. Waliofariki walizikwa huko huko, na familia nyingi hazikuambiwa makaburi yako wapi. Serikali iliomba radhi Machi 2019.

Leo dawa zipo na ugonjwa unapona. Hata hivyo, takwimu za 2016 zilionesha Wainuit wakiugua karibu mara 300 zaidi ya Wakanada wazaliwa wasio wa asili. Damu yao haina kosa. Nyumba ni chache, familia mbili tatu zinabanana, na baridi haimruhusu mtu kufungua dirisha. Muuguzi anaweza kuleta vidonge, chumba cha kulala hana.

Basi huanza na chai. Humuuliza mama habari za bibi kwanza. Kikohozi hufuata baadaye.