Vyombo vya Waokoaji: Tuvichagueje?

Nchi ya Katanga ni nchi ya mashimo. Wazee wetu walichimba shaba hapa, wakaiyeyusha kwa moto wa makaa na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, miaka mingi kabla ya reli kufika. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa. Mwaka 1910 gari la moshi lilifika Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 waitwa Lubumbashi, na mwaka 1911 tanuru lake likatoa shaba ya kwanza. Tangu siku hizo maelfu ya wana wa nchi hii wameshuka ardhini kutafuta riziki. Wengine wameshuka katika migodi mikubwa kama ule wa Kipushi, ulioanza kazi mwaka 1924 na ambao kina chake chapita mita 1,000. Wengine huchimba kwa sururu na koleo katika mashimo yao wenyewe. Na hata yule asiyejua lolote juu ya madini huenda akawa na kisima uani, kwa maana maji ya bomba hayafiki nyumba zote.

Penye mashimo mengi ajali hazikosi. Tarehe 25 Septemba 1970, tope liliingia kwa ghafula katika mgodi wa Mufulira, ng'ambo ya mpaka katika Zambia, watu 89 wakafa. Mwezi wa Juni 2019, ardhi iliporomoka katika mgodi wa wazi karibu na Kolwezi, na wachimbaji zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Siku kama hizo kila mtu hulia: "Waokoaji wako wapi?" Ni wachache waulizao swali la pili, nalo ndilo tutakalo kulitazama leo pamoja nanyi, ndugu wasomaji: waokoaji hao wameshika nini mikononi, na ni nani aliyewachagulia?

AFAYE WA PILI

Mtu ameshuka kisimani kutoa tope. Mara ananyamaza. Ndugu yake anachungulia, anamwona amelala, anashuka mbio kumwinua, naye ananyamaza. Jirani anawafuata. Jioni matanga ni matatu badala ya moja. Jambo hili si la Katanga tu. Ofisi ya serikali ya Marekani ichunguzayo usalama wa wafanyakazi, iitwayo NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba katika watu wanaokufa ndani ya mahali pa kufungika, kama vile visima, matangi na mashimo ya maji machafu, zaidi ya 60 kwa kila 100 ni wale waliokuja kuokoa wenzao.

Kwa nini? Kwa sababu adui wa humo haonekani. Hewa tuivutayo ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Ikipungua chini ya sehemu 19 na nusu, wataalamu huihesabu kuwa hewa ya hatari. Ikifika 16, mshumaa huzimika, na mtu huanza kupotewa na akili. Ikiwa chini ya 10, huzimia. Na chini ya 6, hufa kwa dakika chache tu. Tena iko hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu yetu kwa nguvu kuliko oksijeni mara 200 na zaidi. Injini ya petroli iliyoshushwa kisimani ili kuvuta maji yaijaza shimo kwa muda mfupi.

Wengine husema, "Sisi hushusha mshumaa kwanza, ukiwaka, twashuka." Yafaa tuwaambie wazi kwamba mshumaa hausemi yote. Huweza kuwaka vizuri katika hewa yenye kaboni monoksaidi ya kutosha kumwua mtu. Na mahali penye mvuke wa petroli, mshumaa wenyewe ndio utakaoleta mlipuko. Zamani wachimbaji wa Uingereza walishuka na ndege mdogo aitwaye kanari, ambaye hulegea kwa sumu hiyo kabla ya mtu; desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1986. Siku hizi kuna kipima hewa, chombo kinachotosha kiganjani, ambacho huonyesha kiasi cha oksijeni na hulia pakiwapo sumu au gesi iwezayo kuwaka. Basi chombo cha kwanza cha mwokoaji ni kile cha kumwambia kama aingie au asiingie. Kamba na machela hufuata.

SOMO LA COURRIÈRES

Mwaka ule ule wa 1906 ambao Union Minière iliundwa, msiba mkubwa uliwapata wachimbaji wa makaa huko Courrières, kaskazini ya Ufaransa. Tarehe 10 Machi vumbi la makaa lililipuka chini ya ardhi, watu 1,099 wakafa. Waokoaji wa Kijerumani kutoka Westphalia walivuka mpaka kuja kusaidia, wakileta vyombo vya kupumulia vilivyobebwa mwilini. Tarehe 30 Machi, siku 20 baada ya mlipuko, watu 13 walitokea wakiwa hai. Tangu hapo vyombo vya namna hiyo vilienea migodini pote duniani. Viwanda vya Dräger vya mji wa Lübeck vilipata sifa hata huko Kanada waokoaji wa migodini wakaitwa "draegermen", yaani watu wa Dräger.

Lakini tuangalie vema. Wajerumani wale hawakununua vyombo vyao njiani. Walikuwa kikosi kilichokwisha kujizoeza migodini kwao, wakijua kila mshipi na kila kifungo. Chombo kilichochaguliwa siku ya msiba ni chombo kilichochaguliwa kwa kuchelewa.

KINYAGO SI MTUNGI

Mtu akienda dukani leo ataonyeshwa vyombo vya kupumulia vya namna tatu, na kwa macho vyafanana. Asipojua tofauti zake, atanunua mauti.

Cha kwanza ni kinyago chenye kichujio. Huzuia vumbi, au sumu fulani kwa kadiri ya kichujio chake. Lakini hakiongezi oksijeni hata kidogo. Mahali ambapo hewa yenyewe imepungua, mwenye kinyago hicho hufa kama asiye nacho. Chafaa kwa vumbi la mawe. Kisimani hakifai kabisa.

Cha pili ni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, kama ule wa wazimamoto. Na tufanye hesabu. Mtungi wa kawaida huchukua karibu lita 2,000 za hewa. Mtu afanyaye kazi nzito huvuta lita 40, hata 50, kwa dakika. Basi hewa yake ni ya dakika 40 hivi, wala si zaidi sana. Tena sheria ya waokoaji wa migodini ni hii: theluthi moja ya kuingia, theluthi mbili za kurudi, kwa sababu njia ya kurudi huenda ikawa na mzigo, nao ni mtu. Basi amebakiwa na dakika 13 za kwenda mbele. Kwa nyumba iwakayo au kwa kisima, dakika hizo zaweza kutosha. Kwa mgodi wenye kina cha mita 1,000, ni kama kwenda Likasi kwa kibaba cha petroli.

Ndiyo maana migodi mikubwa hutumia cha tatu: chombo kinachozungusha pumzi ile ile, kikifyonza uchafu wake kwa dawa na kuongeza oksijeni kidogo kidogo. Hicho humwezesha mtu kukaa muda wa saa nne. Lakini bei yake ni kubwa, dawa yake hubadilishwa kila kinapotumiwa, na asiyefundishwa vizuri hatakiweza.

Kipi basi kilicho bora? Hakuna kilicho bora kwa kila mahali. Swali la kwanza daima ni: mwokoaji huyu ataingia wapi, atakutana na nini, na atakaa muda gani? Anayeanza na bei, au na rangi, au na jina la kiwanda, ameanza mwisho. Wazee walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa vyombo vya kuokoa, uzuri wa macho hautoshi, na kingi cha kujiuza ni sanduku tu.

MJI ULIO JUU

Liko jambo jingine ambalo muuzaji aliye mbali hatakwambia. Lubumbashi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na huku hewa ni nyembamba. Pampu yoyote huvuta maji kwa msaada wa uzito wa hewa. Pwani hakuna pampu ya juu iwezayo kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 10; kwetu mpaka huo ni karibu mita 9, na katika kazi ya kweli hushuka mpaka 6 au 7. Injini yake nayo, isipokuwa na kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Pampu iliyosifiwa Antwerpen haitafanya kazi vile vile mjini petu. Anayeinunua na aombe hesabu ya mahali petu, kisha aijaribu kando ya maji kabla ya kulipa.

Na mipira ya maji je? Kila mpira una kiungio cha chuma mwishoni, na mataifa hayakupatana juu ya umbo lake. Nchi nyingi za bara la Ulaya zina namna zao. Nchi zilizotawaliwa na Uingereza zilirithi nyingine. Na Zambia iko mlangoni petu, Kasumbalesa. Ikiwa gari moja lilitoka Ubelgiji na jingine kusini, huenda mipira isishikane. Usifikiri ni jambo dogo. Tarehe 7 na 8 Februari 1904, mji wa Baltimore katika Marekani uliwaka. Wazimamoto wa miji jirani walikuja haraka kwa gari la moshi, lakini mipira mingi waliyoileta haikushikana na mabomba ya Baltimore. Majumba zaidi ya 1,500 yaliteketea. Maji yalikuwapo, watu walikuwapo, ushujaa ulikuwapo. Kilichokosekana ni kipande cha chuma kinachotosha kushikwa mikononi.

MASWALI YA MNUNUZI

Mara nyingi avichaguaye vyombo ni mtu wa ofisini, na avivaaye ni mwingine. Nao wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni kwamba wale watakaovivaa waitwe, wavivae, wapande navyo ngazi, wainame navyo, wafunge vifungo gizani wakiwa na glavu mikononi. Wawe wanaume na wanawake, wakubwa na wembamba, kwa sababu kinyago kisichokaa vema usoni huingiza sumu pembeni. Hata ndevu huzuia kinyago kushika. Mwenye kutaka kazi hii na anyoe.

Kisha aulizwe muuzaji: Ni nani atakayekitengeneza hapa Lubumbashi? Vipuri vyake vyapatikana wapi? Mtungi ukiisha, utajazwa wapi, kwa mashine gani? Kipima hewa kitapimwa upya kwa gesi gani ya majaribio? Sehemu yake ihisiyo oksijeni kwa kawaida huchakaa baada ya miaka miwili au mitatu, hata kikilala kabatini. Maelezo yake yameandikwa kwa lugha ambayo watu wetu waisoma? Asiyejibu maswali haya anauza chuma tu.

Tuseme na juu ya zawadi. Ni vema kushukuru. Lakini si kila zawadi ni msaada. Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika mwaka 2011, juu ya vyombo vya hospitali vinavyotolewa bure, kwamba katika nchi nyingine ni 10 hadi 30 tu kwa kila 100 vinavyofika hatua ya kutumika. Vingine vyote hulala stoo kwa kukosa waya, kipuri au fundi. Mwenye hekima humwambia mfadhili mapema anachohitaji, na hukataa kwa adabu asichoweza kukitunza. Na yule anunuaye kwa haraka kilicho cha bei ndogo akumbuke kuwa rahisi huvunja upishi. Hapa lakini kinachovunjika ni uti wa mtu.

NA SISI NYUMBANI?

Msomaji atasema, "Mimi si mkubwa wa mgodi wala wa zimamoto." Ni kweli. Lakini kila jamaa yaweza kuchagua vema mambo machache.

Anayeajiri mchimba kisima asikubali mtu kushuka bila kamba imara iliyofungwa mwilini tangu mwanzo, na watu wawili juu wenye kapi iliyosimamishwa vizuri. Kamba iliyofungwa mapema ndiyo chombo bora kuliko vyote, kwa sababu humtoa mtu bila mwingine kushuka. Injini isishushwe shimoni kamwe. Shuleni na parokiani, vijana waliojifunza huduma ya kwanza wawe na sanduku lao: bandeji, glavu, mkasi, taa ya kichwani, machela, na mmoja wao alifungue kila mwezi, aone ni nini kimepungua, aandike daftarini. Sanduku lililofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake haujulikani ulipo ni pambo la ukuta.

Na watoto wafundishwe neno hili moja wakiwa bado wadogo: ukimwona mtu ameanguka shimoni na hasemi, usishuke. Piga kelele, ita watu, shusha kamba, peperusha hewa safi, ngojea mwenye chombo. Ni neno gumu, hasa ikiwa aliyelala kule chini ni baba au kaka. Lakini mama aliyekwisha kumpoteza mmoja asipotezewe na wa pili. Penye kamba iliyofungwa asubuhi, penye kipima hewa kilichojaribiwa jana na mtungi uliojazwa juzi, mwana huyo hatalazimika kuchagua kati ya kumwacha ndugu yake na kufa pamoja naye. Wakubwa wake watakuwa wamekwisha kumchagulia mapema.